Kiti cha Veikko

Sampo Lindroos amekuja na theluji mbili:
ya viatuni ameipangusa mlangoni,
ya bei ameingia nayo.

"Leseni," anasema, "si ya jengo, si ya idara.
Ni ya jina. Jina moja, kiti kimoja,
yuro mia sita na arobaini kwa mwaka,
mbali na hifadhi ikizidi kipimo,
mbali na simu ya msaada baada ya saa kumi,
mbali na moduli ya kufuta."

Kufuta nako kunalipiwa?
Anatabasamu, anakoroga kahawa isiyo na sukari.
Kufuta ndiko ghali, mama,
sheria inataka ushahidi
kwamba kilichokufa kimekufa.

Nami siwezi kumfukuza.
Maji tulikwisha kuyavulia nguo:
nyaraka milioni mbili zimo tumboni mwa mfumo wake,
ramani za mifereji, kesi za mbwa,
vibali vya sauna tangu enzi za karatasi ya kaboni,
na kuzitoa kuna bei yake,
ukurasa wa mwisho, kwa herufi za sisimizi.

Halmashauri imesema viti arobaini vishuke viwe thelathini na kimoja.
Nikachapisha orodha, nikachukua penseli.
Muuguzi wa shule, anaingia mara mbili kwa mwaka: kata.
Msimamizi wa magari ya theluji, hajui hata nenosiri lake: kata.
Mstari wa thelathini na nane:
Sarajärvi, Veikko.

Penseli ikasimama.

Veikko tulimzika Oktoba ya mwaka juzi
kabla ardhi haijawa jiwe.
Shada la idara lilikuwa yuro sitini na tano, tulichangishana.
Kiti chake kimelipiwa mara mbili tangu siku hiyo
na hakuna aliyechangishwa.

Nikampigia Sampo. Je, kiti kinahamishika?
Akafungua kiambatisho cha tatu, nikasikia anavyosoma kwa midomo:
jina hubadilishwa Juni, mkataba unapofanywa upya,
au wakati wowote kwa robo ya bei.
Hata mtu akifa?
Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeiona nyufa ya nyumba yake:
"Kifo hakikutajwa."

Basi kufa kufaana.
Kuna binti wa mafunzo, Nelli, hana fungu la bajeti, hana kiti.
Nikamwandikia nenosiri la marehemu
kwenye kikaratasi cha manjano.

Siku ya kwanza mfumo ukamwambia,
Habari za asubuhi, Veikko,
akacheka hadi akajifunika mdomo.
Siku ya pili akaitikia.

Sasa Veikko hufunga jalada saa tatu na dakika kumi na nne.
Veikko, aliyechapa kwa vidole viwili
huku akinung'unika kama birika,
anamaliza makasha sita kabla ya chakula cha mchana.
Ripoti ya mwezi inamtaja: mtumiaji hodari.

Jumanne akaja Kaarina, mjane wake,
kofia ya sufi, pochi iliyokatika kishikio.
Alitaka nakala ya kibali cha sauna yao, anauza nyumba.
Nelli akaichapa mbio, akampa,
sikuwahi kuinyoosha mkono.

Chini kabisa, pale macho ya watu huwa hayafiki:
Imetolewa na V. Sarajärvi, 11 Februari.

Macho yake yalifika.
Akaisoma. Akaikunja kwa mkunjo mmoja,
akaifunua, akaisoma tena.
Nilikuwa na maneno, kiambatisho, robo ya bei, Juni,
yote yakanikwama kama karatasi kwenye mashine.

"Mpaka lini?" akauliza.
"Mpaka Juni. Mkataba unaisha."

Akahesabu sarafu nne za nakala,
akazipanga moja moja juu ya meza.

"Basi nitarudi Mei," akasema.
"Bado kuna kibali cha banda la mashua."